Namna Mgeni Alivyopata Kuwa Mkaazi wa Pemba

Kisiwa cha Pemba hakijapata, katika zama zozote zinazojulikana na tarikhi, kuwa kisiwa cha wenyeji watupu. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia wa karne ya 13, alipokusanya habari za nchi za mbali katika kamusi yake ya miji, alikitaja kwa jina la al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, akaitaja na miji yake miwili ambayo magofu yake tunayo hata leo, Mtambwe na Mkumbuu; na tangu zama hizo hadi zetu kila kizazi kimeshuhudia vyombo vikitia nanga na watu wakishuka, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kufungwa kamba, wengine kwa kufuata samaki, wengine kwa kufuata karafuu, na wengine kwa kukimbia njaa au deni au fitina za kwao. Waandishi wa tarikhi wameshughulika zaidi na mabwana wa vyombo hivyo: Mreno, kisha Mazrui aliyetolewa kisiwani katika miaka ya 1820, kisha Albusaidi aliyeingia baada yake. Suala linalonishughulisha mimi ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana, nalo ni hili: mtu aliyeshuka chomboni hana jamaa wala shamba, alipitia njia gani hata siku moja akatajwa kuwa mtu wa pale?

Naona suala hili lina haja kwa wakati wetu. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, tangu familia za Sættedammen huko Denmark zilipohamia katika nyumba zao mwaka 1972, zimezuka jumuiya za watu wanaojenga nyumba zao mahali pamoja, kila mmoja na mlango wake, lakini wenye jiko kubwa la shirika na kazi za shirika. Na mwenye kutaka kuingia hualikwa kwanza kula nao, kufanya kazi nao na kukaa katika vikao vyao, mpaka wamjue naye awajue. Ni jambo jema, nami nalisifu. Pemba nayo ilikuwa na njia yake ya kumtazama na kumpokea mwenye kutaka kuwa jirani, njia iliyotengenezwa na wakulima na wavuvi wasioandika kitu, na iliyopambana na amri za dola moja baada ya nyingine bila ya kufutika.

Tuanze na kiambo. Msafiri aliyezoea vijiji vya kusini ya Unguja, ambako nyumba hukusanyika pwani zikaangaliana, hushangaa akifika Pemba kuona nyumba zimetawanyika juu ya vilima na kando ya mabonde ya mpunga, fungu hapa na fungu kule, na baina yake minazi na mikarafuu; na asipoambiwa hatojua kwamba kila fungu ni kiambo chenye jina lake, mipaka yake na wazee wake. John Middleton, aliyechungua mambo ya ardhi ya visiwa hivi katika miaka ya mwisho ya 1950 na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1961, alieleza kwamba haki ya mtu katika ardhi ya ukoo haikufuata upande wa baba peke yake: aliyezaliwa na mwanamume wa pale alikuwa na haki, na aliyezaliwa na mwanamke wa pale alikuwa na haki vilevile. Jambo hili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la makadhi na mawakili, ndilo lililowafungulia wageni mlango kuliko jingine lolote. Kwa kuwa mwanamume aliyetoka Tumbatu, au Mrima, au Hadhramaut, akioa katika kiambo, yeye mwenyewe huenda akafa akiitwa mgeni, lakini wanawe walikuwa wenyeji tangu siku ya kuzaliwa, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza zaidi.

Kabla ya ndoa, hata hivyo, palikuwa na mambo mengi, na hapo ndipo ada ya Pemba ilipokuwa na hekima yake. Mgeni hakuja kwa kiambo. Alikuja kwa mtu. Alikuwa na mwenyeji wake, ambaye labda walijuana katika uvuvi au katika msimu wa kuchuma, na mwenyeji huyo humlaza barazani au katika kipenu, humlisha, humpeleka msikitini sala ya Ijumaa akae naye safu moja, na wazee wakamwona bila ya kuletewa habari rasmi. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Na wengi huitaja methali hiyo kwa kumsuta mgeni aliyekawia. Kwa rai yangu imedhulumiwa. Mwenye kupewa jembe siku ya tatu hafukuzwi, bali anaalikwa. Maana anayekula bila ya kulima atabaki kuwa mgeni hata akikaa mwaka, na aliyeshika jembe amekwisha kuingia katika hesabu ya mikono ya mahali.

Baada ya jembe ilifuata ardhi, lakini kwa mpaka ulio wazi. Wazee humwazima kipande cha kulima muhogo, viazi vitamu, kunde, au mpunga bondeni. Mazao ya mwaka mmoja au miwili, yanayovunwa yakaisha. Kilichokatazwa, isipokuwa kwa idhini maalumu, ni kupanda mti wa kudumu, mnazi au mkarafuu, kwa sababu katika muamala wa ardhi wa visiwa hivi mti ni mali ya aliyeupanda, na mwenye mti ana sababu ya kurudi chini yake, yeye na warithi wake, kwa miaka hamsini na zaidi. Mtu wa leo, aliyezoea kuuliza nani mwenye hati ya kiwanja, aghalabu hufahamu vibaya ada hii akaiona ni ubakhili. Mimi naiona kuwa ni subira. Chakula mgeni alipewa mara moja, kwa kuwa njaa haingoji. Haki ya kudumu alicheleweshewa mpaka ijulikane atakuwa jirani wa namna gani, na siku aliporuhusiwa kupanda mnazi wake wa kwanza hapakuhitajika hati, kwani watu wote walielewa kilichosemwa.

Nyumba yake nayo ilikuwa ni shauri la watu wengi. Nguzo na boriti za mikandaa huweza kuzikata yeye na mwenyeji wake kwa siku kadhaa, na fito huweza kuzifunga jioni jioni akitoka shamba, lakini siku ya kukandika haina budi watu. Asubuhi vijana huchimba udongo mwekundu, huumwagia maji yanayoletwa na wanawake vichwani kutoka kisimani, huukanyaga mpaka ulainike na kunata; kisha husimama wawili wawili, mmoja ndani ya ukuta na mmoja nje, na kila mmoja hupiga bonge lake baina ya fito wakati uleule mwenzake anapopiga la kwake, ili mabonge yakutane katikati yashikane. Watoto huleta mawe madogo ya kushindilia. Adhuhuri chungu cha muhogo wa nazi na samaki kimekwisha kuiva, na huo ndio ujira wote wa siku ile. Mwenye nyumba hakulipa fedha, bali alijifunga dhima: kila aliyepaka udongo ukuta wake alikuwa na haki ya kumwona siku ya msaragambo mwingine, wa njia, wa kisima, au wa nyumba ya jirani; na asipoonekana hakuna aliyemshitaki, ila siku atakapohitaji kuezeka upya makuti yake atajikuta ana watu wawili ambapo wenzake wana ishirini.

Zaidi ya hayo yote palikuwa na maziko. Kumwosha maiti, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, inayowalazimu watu wote wa mahali mpaka wapatikane wa kuitimiza, na kwa hivyo hapana kitu kilichodhihirisha nani ni mtu wa mahali kuliko jeneza. Mgeni wa kupita husali na kwenda zake. Mkaazi huchimba kaburi, hutafuta mbao, hukaa matangani, hutoa ubani wake hata ukiwa ni kidogo, na asipofika huulizwa yu wapi, kwa sababu nafasi yake imeonekana kuwa tupu. Hapo ndipo naona ulipo ukaazi wa Pemba wa asili: mtu alikuwa mkaazi siku kutokuwepo kwake kulipoanza kuulizwa.

Kisha zikaja karafuu, na pamoja nazo zikaja halaiki ambazo hazikuletwa na mwenyeji yeyote. Tufani ya Aprili 1872 iliiangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiwachia Pemba mingi ya kwake, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu za visiwa hivi, ikitoa sehemu kubwa ya mazao yote mwaka baada ya mwaka. Mikarafuu iliyopandwa kwa wingi ilihitaji mikono kwa wingi, na mikono hiyo ilitafutwa kwa njia ya dhulma. Ijapokuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, majahazi yaliendelea kuvuka mkondo wa Pemba usiku na watu waliotekwa bara, wakatiwa katika mashamba ambayo hawakuyachagua, katika nyumba ambazo si zao, chini ya majina waliyopewa na wengine.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza waliokuwa wakiihami dola yake tangu 1890, alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria. Ilikuwa ni amri kubwa, na pungufu pia: masuria hawakuingia ndani yake hata mwaka 1909, na kila mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani. Lakini lipo sharti moja katika amri hiyo ambalo halitajwi sana, nalo ndilo linalogusa maudhui yetu. Aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi yanayojulikana na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, huhesabiwa kuwa mzururaji. Serikali ilichelea mikarafuu isikose wachumaji, kwa hivyo iliutoa uhuru kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ikauliza: unakaa wapi?

Na tumfikirie aliyeulizwa. Amechukuliwa utotoni kutoka pande za Nyasa, amevushwa bahari, amechuma karafuu za mtu miaka ishirini, na sasa amesimama mbele ya hakimu akitakiwa kutaja masikani yake. Makazi pekee aliyokuwa nayo ni kibanda kilichomo katika shamba la yule aliyekuwa akimmiliki. Njia ya kwanza basi ilikuwa ni kurudi: wengi walirudi palepale kwa mapatano mapya, wakafanya kazi siku kadhaa za wiki kwa mwenye shamba ili waachiwe kibanda na kipande cha muhogo. Wakawa huru kwa jina, na kwa mwili wakabaki chini ya mti uleule.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka uleule wa 1897 huko Banani, kando ya ghuba ya Chake Chake. Jamii ya Marafiki ya Uingereza, hao wanaojulikana kwa jina la Waquaker, ambao kwa zaidi ya miaka mia walikuwa mstari wa mbele katika kupinga utumwa, walinunua shamba la mikarafuu ili lifanyiwe kazi na watu huru kwa ujira, na Theodore Burtt akawa miongoni mwa waliolisimamia tangu mwanzo. Henry Stanley Newman aliizuru kazi hiyo akaandika kitabu, Banani, kilichotoka mwaka 1898. Aliyekwenda Banani alipata nyumba, kipande cha kulima, kazi yenye malipo na skuli ya watoto. Naye kwa upande wake alitakiwa ashike nidhamu ya mahali pale, kazi kwa wakati wake, kujiepusha na ulevi, na kuishi katika mwangaza wa dini ya waliomkaribisha. Inatupasa tuwape haki yao Marafiki hawa: katika zama ambazo wengi walikuwa wakibishana juu ya fidia ya mabwana, wao walimpa mtumwa wa jana mshahara mkononi na paa juu ya kichwa. Hata hivyo Banani haikukua ikawa mji, na Marafiki wa Pemba wamebaki kuwa wachache hadi leo. Sababu, kama nionavyo, ni kwamba palikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ulishikwa na wenye shamba. Mtu aliweza kupata pale kila kitu isipokuwa wakwe, na makaburi ya mababu wa mkewe, na jirani anayemdai siku ya kukandika.

Njia ya tatu haikuandikwa na mtu, nayo ndiyo iliyopitiwa na wengi: ileile ya kiambo. Mtu aliomba mahali, akaazimwa, akalima, akaoa au akaoza, akazika na kuzikiwa, na wajukuu wake wakapoteza habari ya jahazi lililomleta. Ushahidi wa jambo hili umo katika hesabu za watu za serikali yenyewe, kwani baina ya hesabu ya 1924 na ile ya 1948 idadi ya waliojitaja kuwa Waswahili, jina ambalo wakati ule lilikuwa limefungamana na asili ya utumwa, ilishuka mno, na waliojitaja kwa majina ya wenyeji wakaongezeka kupita kiasi cha uzazi. Wako wanaoliona hilo kuwa ni udanganyifu wa nasaba. Mimi silioni hivyo. Aliyekubaliwa na majirani zake kuwa wa kwao ni wa kwao, na karani wa hesabu alikuwa anaandika tu kilichokwisha kutendeka miaka thelathini nyuma.

Waliobaki nje ya njia hiyo walipata mashaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye mashamba walileta watu wa bara, Wanyamwezi na wengineo, kulimia mikarafuu. Hao, pamoja na wengi wa waliokuwa watumwa, wakakaa mashambani kama skwota, wakilima chakula chao baina ya miti kwa sharti la kuisafisha chini yake. Skwota aliweza kukaa miaka mingi bila ya bughudha, na mara nyingi palikuwa na ihsani baina yake na mwenye shamba. Lakini hakuruhusiwa kupanda mti wake, na ukaazi wake uliegemea radhi ya mtu mmoja. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 fitina za vyama zilipoingia mashambani, skwota waliofuata chama kisichopendwa na mwenye shamba walijikuta wanaambiwa wabomoe vibanda vyao. Aliyekaribishwa na watu wengi hafukuziki kwa hasira ya mmoja. Huyu alikuwa amekaribishwa na mmoja.

Ya Mapinduzi nitayapita kwa haraka, kwa sababu yamesimuliwa na wengi. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali Machi 1964, na tangu mwaka uliofuata watu wakagawiwa eka tatu tatu, za kulima na si za kuuza. Pemba, ambako wakulima wadogo wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe na Mwarabu na Mpemba walikuwa wameoana vya kutosha, mgao huo uliingia katika mambo yaliyokwisha kufumwa na koo kwa muda mrefu, na baadhi ya waliopewa eka walilazimika kwenda kwa wazee wa kiambo kuomba kile ambacho karatasi haikuwapa, yaani kuzoewa. Kisha zikaja Nyumba za Maendeleo, majumba marefu ya ghorofa yaliyosimamishwa Wete, Chake Chake na Mkoani kwa mfano wa yale ya Michenzani. Mwenye kugawiwa alipewa chumba, jiko, choo cha ndani na umeme. Majirani zake walipangwa na ofisi. Yalipoanza kukaliwa walikuwapo waliosema kwamba mtu wa kiambo hatoweza kuishi juu ya kichwa cha mwenzake. Ameweza, kwa kuwa waliohamia humo walichukua desturi zao, wakatandika mikeka chini ya ngazi, wakakusanya ubani wa msiba ghorofa kwa ghorofa, na baada ya miaka michache ngazi moja ikawa na watu wake kama kiambo kilivyokuwa na watu wake.

Hadi hapa nimesema juu ya Pemba inayopokea. Haki inataka nieleze pia Pemba inayobisha hodi kwa wengine, nayo ni habari ya dago. Kila kaskazi ikiingia na bahari ikatulia, wavuvi wa Kojani, Tumbe, Msuka na bandari nyingine huondoka na nyavu zao kwenda kupiga kambi katika fukwe za mbali, za Unguja, za Tanga, za Mafia, na za pwani ya Kenya kuanzia Vanga hadi Malindi. Watu wa Kojani ndio mabingwa wa safari hizi, na haishangazi: kisiwa chao ni kidogo, nyumba zimebanana hata ukuta wa mtu ni ukuta wa jirani yake, na mashamba yao wanayafuata kwa mtumbwi ng'ambo ya pili; na watu waliolelewa katika nafasi ndogo namna hiyo wanajua adabu za kukaa na watu.

Adabu hizo huonekana siku ya kufika. Chombo hakishushi nyavu moja kwa moja. Nahodha huteremka na wazee wawili watatu, huuliza mwenyewe wa diko, yaani bandari ndogo ya wavuvi, huketi, hutoa salamu za kwao na kitu cha ubani kwa wazee wa mahali, hueleza wametoka wapi, ni watu wangapi, wana nyavu gani na watakaa mpaka lini. Wenyeji nao huwaonyesha pa kuchota maji, pa kuanika nyavu, na miamba au mizimu isiyokaribiwa. Kila siku ya uvuvi sehemu ya kitoweo hubaki pale. Dago lililokosa adabu hizi lilianza kwa ugomvi na kumalizika kwa ugomvi, na ugomvi wa namna hiyo, hasa juu ya nyavu kubwa zinazozoa samaki wa wenyeji, upo hata leo. Si haki kuuficha. Lakini madago mengi yalirudi mwaka kwa mwaka palepale, na kila mwaka walibaki watu wawili au watatu waliooa, mpaka pwani za Kwale na Kilifi zikapata mitaa ya Wapemba waliozaliwa huko, wazazi wao wakazaliwa huko, na lahaja ya Kipemba ikawa bado majumbani mwao. Na Januari 2001, baada ya damu iliyomwagika Pemba katika siasa, zaidi ya watu elfu mbili walivuka kwa mashua hadi Shimoni, ambako waliwakuta jamaa.

Majirani wa Kenya waliwahesabu Wapemba hawa kwa miaka mingi: waliwaoza, waliwazika, walinunua samaki wao. Dola haikuwahesabu. Bila ya kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti wala kumiliki ardhi kwa jina lao, na mvuvi aliyezaliwa Kenya alifukuzwa baharini kama mvamizi kwa kukosa leseni ambayo hakuruhusiwa kuiomba. Ni mwaka 2023 tu ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa ni moja katika jamii za nchi ile na kuanza kuwapa vitambulisho vya uraia. Nayaweka mambo haya mkabala na yale ya 1897 kwa makusudi, kwani yamepinduka: mtumwa aliyeachwa huru alipewa karatasi akatakiwa atafute majirani, na Mpemba wa Kenya alikuwa na majirani tele akasubiri karatasi umri mzima.

Na sisi wenyewe? Tangu sheria ya mwaka 2005 kila Mzanzibari mkaazi anatakiwa awe na kitambulisho cha ukaazi, na mlango wa kukipata, kama mlango wa mambo mengi kisiwani, uko kwa sheha, mkuu wa shehia. Sheria ya uchaguzi nayo inataka mpiga kura awe amekaa katika jimbo miezi 36. Katika chaguzi zilizopita yamesikika malalamiko ya watu waliozaliwa na kukulia Pemba, waliozika baba zao pale, kwamba walikataliwa kwa kuwa sheha hakuwajua, au hakutaka kuwajua. Wakati huohuo ardhi ya pwani inatafutwa na wageni wenye fedha, ambao hupata mikataba yao katika ofisi za mjini, na wanakijiji huwaona kwa mara ya kwanza siku uzio unaposimamishwa.

Kwa hivyo nina ombi, nalo nalielekeza kwa masheha na kwa wale wanaowateua. Anapokuja mtu kusema kwamba yeye ni mkaazi, asiulizwe karatasi peke yake, na sheha asijitosheleze kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Waitwe watu wa mtaa, wake kwa waume, waulizwe nani alikandika nyumba ya huyu, nani alimwona katika maziko ya mwaka jana, na watoto wake wanasoma skuli gani. Na mgeni mwenye fedha, kabla ya kupewa mkataba, apelekwe akaketi na wazee wa kiambo, kama nahodha wa dago anavyokwenda hadi leo. Majibu ya watu hao yaandikwe katika daftari la shehia, yawekwe wazi, na yapewe uzito mbele ya ofisi yoyote.